Siku Mama Alipoiaga Kompyuta ya Skrini Nyeusi

Enzi zetu, kompyuta haikuwa kitu cha kubebwa kwapani. Ilikuwa fanicha. Ilitaka meza isiyoyumba, wanaume wawili wa kuinyanyua, na mtu wa kusimama mlangoni akifukuza watoto. Mliosoma Nakuru miaka hiyo mnajua ninachosema. Shuleni kwetu kulikuwa na chumba kimoja cha kompyuta, chenye mlango wa chuma na pazia zito, na kabla ya kuingia tulivua viatu tukavipanga nje ukutani. Mwalimu alisema tusiingize virusi. Tukaamini kwa moyo wote kwamba virusi hukaa kwenye nyayo, pamoja na lile vumbi linalopeperushwa kutoka upande wa ziwa hadi likaingia kwenye meno. Siku moja msichana mwenzetu aliyekuwa na mafua alibaki mlangoni akilia, akiogopa kwamba akipiga chafya mle ndani mashine zote zitaugua.

Ndani tulikaa wanne kwa kompyuta moja. Mmoja alishika kipanya, watatu walimpigia kelele. Chumba kilinuka soksi na nyaya zilizopata moto. Mwalimu aliziwasha mashine kabla ya mapumziko, tukaenda kula mandazi, tukarushiana mpira tukicheza kati, tukaruka kamba za mpira za bladder, tukarudi na kuzikuta bado zinajipanga. Hakuna aliyelalamika. Siku hizi mwanangu Kevin akingoja kitu kifunguke kwa muda wa kupiga miayo, anatazama juu na kusonya kama mtu aliyeonewa na serikali.

Lakini mimi nilikuwa na bahati kuliko wenzangu, kwa sababu mama yangu alikuwa na kompyuta yake mwenyewe.

Mama alikuwa taipisti. Alianza na taipureta katika ofisi ya wakili mjini, na ofisi hiyo ilipofungwa akanunua kompyuta kuukuu na kukodi chumba kidogo kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo lililo karibu na soko. Aliandika barua za kuomba kazi, mikataba ya kukodisha mashamba, katiba za vyama vya akina mama. Skrini ya kompyuta ile ilikuwa nyeusi na herufi nyeupe. Haikuwa na kipanya, haikuwa na picha. Kila jambo lilitaka amri, na amri zote zilikuwa kwenye vidole vya Mama. Angeweza kukuuliza habari za shule, akakukemea kwa kuchafua sweta, na wakati huohuo barua ya mtu inaendelea. Printa yake ililia kama cherehani iliyokasirika. Jioni kabla ya kufunga, aliifunika mashine kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua mekundu pembeni, kama vile vya kwenye makochi ya sebuleni.

Mimi na kaka yangu Njoroge tulikuwa tukipitia pale baada ya shule, tukafanya kazi ya ziada chini ya meza, miguuni pa Mama, tukila mahindi choma yaliyopakwa ndimu na pilipili.

"Mikono!" Mama alikuwa akisema bila kugeuka. "Mikono ya chumvi isiguse mashine yangu."

Halafu akaja Sammy. Huyu alikuwa kijana wa mtaa wa Kaptembwo, mcheshi, shati limepigwa pasi hadi linakata. Alifungua biashara yake chini yetu kabisa, mlango unaotazama barabara, na ndani akaweka kompyuta mpya zenye rangi. Zilikuwa na vipanya. Zilikuwa na vijipicha vya kubonyeza. Watu walisimama dirishani pake kutazama tu jinsi samaki wanavyoogelea kwenye skrini mtu asipoigusa. Wateja wa Mama, wale waliokuwa wakipanda ngazi wakihema, wakaanza kuishia chini. Ile printa yetu ikawa inanyamaza kwa saa nzima, na katika kimya hicho tulikuwa tukisikia vicheko vikipanda kutoka kwa Sammy.

Nyumbani, mazungumzo ya chakula cha jioni yakawa ni hayo tu. Baba alikuwa karani wa ghala la mahindi, mtu wa kupenda vitu vipya, hata redio yake aliibadilisha kabla haijakwaruzika.

"Mama Njoroge," alisema siku moja akichovya ugali, "mkokoteni wa ng'ombe haushindani na lori."

Mama akamjibu papo hapo: "Na lori likikwama kwa matope ya Kuresoi, nani hulivuta? Si ng'ombe?"

Tulicheka, hata Baba. Lakini nilimwona Mama akivitazama vidole vyake juu ya meza, na kicheko chake kikaisha upesi.

Alijaribu kwanza njia ya katikati. Bwana Harish, aliyekuwa akiuza redio na sasa alikuwa ameanza kuuza kompyuta, alimwambia anaweza kumtilia mfumo mpya ndani ya mashine yake ya zamani. Ingekuwa njia nzuri ya kuokoa pesa, kama kumvalisha mzee suti ya bwana harusi. Fundi akaja, akakaa kutwa nzima. Alipomaliza, skrini ilikuwa na rangi kweli, ila mashine ilikuwa imekata pumzi. Mama alikuwa akibonyeza herufi, akamimina chai, akaonja, akaongeza sukari, ndipo herufi ikatokea. Njoroge alisema kompyuta imekuwa kama babu aliyeulizwa swali kanisani. Mteja mmoja alisinzia kwenye kiti. Kesho yake Mama akamwita fundi yuleyule.

"Nirudishie mashine yangu," alimwambia. "Hii hapana. Umeibebesha mzigo si wake."

Fundi akairudisha ilivyokuwa, skrini ikawa nyeusi tena, na Mama akasema amemaliza maneno ya kompyuta mpya. Nadhani angekaa hivyo hadi chumba kile kimshinde na kufungwa, kama si Mama Achieng.

Mama Achieng alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mumewe, Baba Achieng, alikuwa fundi wa baiskeli, na ndiye aliyenifundisha kuendesha, akikimbia nyuma yangu huku ameshika kiti. Aliugua muda mfupi tu, akafariki. Siku chache baada ya hapo Mama Achieng alipanda zile ngazi, kitambaa cheusi kichwani, picha ya mumewe mkononi. Alitaka programu ya mazishi, kile kijitabu cha kugawiwa waombolezaji. Alitaka uso wa mumewe uwe mbele, mkubwa, watu wauone.

Mama aliishika ile picha akaitazama sana. Mashine yake haikujua picha ni nini.

"Dada yangu, hiyo hapa haiwezekani," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda kwa Sammy hapo chini. Atakutengenezea vizuri."

Mama Achieng hakuinuka. "Sammy hakumjua," alisema. "Wewe ulimjua. Nataka uandike wewe."

Basi Mama akaandika. Mama Achieng alisimulia na Mama akaandika, na mara nyingine vidole vyake vilisimama wakalia wote wawili, kisha vikaendelea. Mimi na Njoroge tulikuwa chini ya meza, mahindi mikononi, tukiogopa hata kutafuna. Maneno yalipokwisha, Mama akayaweka kwenye disketi, zile kubwa za zamani zilizolegea kama chapati, akamshika mwenzake mkono wakashuka ngazi. Sisi nyuma.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Mama kuingia kwa Sammy. Kijana alisimama, akafuta kiti kwa mkono. Alipopewa disketi aliigeuza huku na huku.

"Pole, mathe," alisema. "Mashine yangu haina mdomo wa kula hii. Hizi zangu zinakula zile ndogo."

Nilidhani Mama angegeuka aondoke. Alisimama, akaitazama ile skrini yenye samaki, akamtazama Mama Achieng aliyekuwa ameegemea mlango kwa uchovu. Kisha akaketi.

"Nionyeshe pa kuandikia," alisema.

Sammy akashika kipanya, akafungua ukurasa mweupe, akarudi nyuma. Mama aliweka vidole juu ya kibodi taratibu, kama mtu anayepima maji ya kuoga mtoto. Akabonyeza herufi moja. Ikatokea. Akabonyeza nyingine. Halafu nikasikia ule mlio ninaoujua, mvua ya vidole juu ya bati, na mle ndani watu wakaacha walichokuwa wakifanya wakageuka kumtazama. Maneno yote alikuwa nayo kichwani. Hakukosea mahali popote.

"Mathe, kumbe wewe ni moto hivi?" Sammy alisema.

Mama aligeuka akatutafuta sisi kwa macho. Uso wake bado ulikuwa na machozi, lakini ulikuwa umefunguka. "Herufi zimekaa palepale," alituambia. "Hawajazihamisha hata moja."

Sammy akaiingiza picha. Akamwekea Mama mkono wake juu ya kipanya, akamwonyesha jinsi ya kuivuta ikue. Mama aliivuta kupita kiasi, Baba Achieng akajaa skrini nzima akitabasamu, na Mama Achieng, pale mlangoni, akacheka katikati ya kilio chake. "Muache hivyo hivyo," alisema. "Alipenda kuonekana."

Wiki ya mazishi ilipopita, Mama alimwambia Baba ameamua kununua mpya. Mavuno ya waru, yaani viazi, ya shosho, bibi yetu wa kule mashambani Kuresoi, yalisaidia, na Bwana Harish akakubali kuichukua ile mashine ya zamani kama sehemu ya bei. Siku ilipobebwa, Mama aliivua kitambaa chake, akaifuta vumbi kama anayemsafisha mtoto anayepelekwa kwa wageni, akageukia dirisha hadi walipomaliza kushuka ngazi. Njoroge, aliyekuwa ameipigia debe mpya kuliko sisi sote, ndiye aliyelia.

Lakini mpya ilipowashwa! Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mama Achieng alikuja na Achieng wake, Sammy alipanda kuunganisha nyaya bila kuombwa, shosho alishuka kutoka Kuresoi akiwa na gunia la waru na mwavuli. Baba aliomba, akaiombea kompyuta ilindwe na stima ya kupotea potea. Ikawaka, na kwenye skrini kikatokea kile kilima cha kijani chini ya anga la samawati, ambacho wenzangu nyote mnakikumbuka. Shosho alisogea karibu, akarekebisha miwani.

"Hili ni shamba la nani?" aliuliza. "Udongo mzuri hivi na hakuna mtu amepanda hata waru?"

Chai ilinywewa siku hiyo hadi majani yakaisha.

Mimi sasa nafundisha sekondari hapa nje kidogo ya mji. Mwezi uliopita laptop yangu iliniandikia ujumbe kwamba haitapokea mfumo mpya. Haikuwa na ubaya wowote. Kioo kizima, kibodi nzima, nimeizoea kama kiatu. "Mathe, hiyo imefika mwisho," Kevin aliniambia bila kutoa vile vitu vya masikioni. "Kaa nayo bila ulinzi, ama uitupe." Kuitupa! Kizazi hiki kinatupa kitu ambacho hata hakijakohoa. Nilibishana na nafsi yangu siku kadhaa, nikasoma maoni ya watu nisiowajua kwenye simu, mmoja anasifu, mwingine anatukana. Hapakuwa na wa kunitania kuhusu mikokoteni na malori. Mwisho nikabonyeza pa kuagiza mpya, nikalipa.

Ililetwa Jumamosi na mtu wa boda boda, ikaachwa kwenye geti. Nilikuwa nimeteleka chai kwenye sufuria kubwa, sijui kwa nini. Kevin akachana karatasi, akabonyeza hapa na pale, na kabla maziwa hayajapanda alikuwa amemaliza. "Iko sawa," alisema, akarudi chumbani kwake. Hakuna nyaya zilizounganishwa, hakuna aliyeomba. Jirani alikuwa nje akianika nguo. Nilifikiria kumwita, nikajiuliza atakuja kuona nini ambacho hana kwake.

Mama akapiga simu ya video kutoka Kuresoi, anakoishi sasa. Kama kawaida nilimwona paji la uso tu.

"Umeiwasha?" aliuliza. "Nani amekuja kuiona?"

"Kevin ameiona."

"Haya, igeuze simu. Niione mimi."

Nikaigeuza. Akaitazama kwa muda, naye kule mbali akiusogeza uso wake karibu hadi nikaona macho.

"Inang'aa kweli," alisema. "Lakini siku ile tulikuwa wengi."