Kanada Iliyokuwa Ndani ya Stoo Yetu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hata leo nikipita sokoni Kalamba lazima kuna mtu ataniuliza kwa sauti kubwa kama ndege ilitua salama, na mimi nitajibu ilitua, kisha nitakaza mwendo huku masikio yakiniwaka. Niliwadanganya watu waliokuwa wakiniombea. Tena sikuwadanganya kwa maneno, niliwadanganya kwa kufunga mdomo, na mpaka leo sijui kama hiyo si mbaya zaidi.

Ninasomea shahada ya uzamili katika usanifu wa mafunzo, yaani kazi ya kupanga somo mpaka mtu wa kawaida alielewe na alitumie (ndiyo, kuna shahada ya hiyo, hata mama aliuliza). Pendekezo langu la utafiti lilikuwa limerudishwa mara mbili, na msimamizi wangu alikuwa ameniambia bila kupaka mafuta kwamba likirudi mara ya tatu, masomo yangu yamefika mwisho. Akanitafutia dakika kumi katika kongamano la wataalamu wa fani yetu, linaloongozwa kutoka Kanada, ambapo wanafunzi huhudhuria kwa kompyuta wakiwa popote walipo. Wataalamu wakilikubali somo langu, pendekezo linapita. Wakilikataa, narudi nyumbani kabisa.

Nilipomweleza mama, katika maelezo yote yale alishika maneno mawili tu, kongamano na Kanada. Jumapili mchungaji alipouliza nani ana ombi, mama akasimama, kitambaa chake cha kichwa kimekaa kama taji, akasema, “Mwende wangu ana mkutano wa Kanada siku ya Alhamisi.” Kanisa likaguna kwa furaha. Nikaitwa mbele, mikono ikawekwa kichwani pangu na mabegani, mikono migumu yenye harufu ya sabuni na moshi, na Mama Mutua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akamwomba Mungu ashike mabawa ya ndege kushoto na kulia.

Hapo ndipo ningesema. Ilihitaji sentensi moja tu: jamani, mkutano wenyewe ni wa kompyuta. Lakini nilikuwa nimerudishwa mara mbili, nanyi hamjui mtu aliyerudishwa mara mbili anavyokuwa na njaa ya kuonekana ameenda mahali. Nikasema amina.

Baada ya ibada wakanipa kiondo kipya, kikapu cha kusukwa chenye mistari myekundu na ya kijani, eti nikawape wenyeji wangu. Nyumbani nikamwambia mama ukweli. “Wewe ndiwe uliyeitikia amina,” akasema, “na wewe ndiwe utakayewaambia. Mdomo wangu haumo.” Nikasema nitawaambia kesho, na kesho ikawa Jumanne, Jumanne ikawa Jumatano, na Alhamisi ikanikuta nimejificha ndani ya stoo yetu, nimekalia gunia, laptopu juu ya gunia jingine, kwa sababu mtu aliye Kanada hawezi kuonekana akibarizi barazani kwao.

Stoo ile ilikuwa na joto la tanuri. Nyuzi nyembamba za mwanga zilipenya kwenye mabati na kunichora kanzu ya madoadoa, na vumbi la ndengu, zile choroko za kijani, lilielea ndani yake taratibu, likimetameta. Nje, mavuno ya mama yalikuwa yametandazwa uani juu ya turubai kubwa. Nyuma ya kichwa changu nilikuwa nimetundika shuka jeupe, ili wataalamu wasijue niko wapi. Kwa hiyo hesabuni wenyewe: huku kijiji hakijui niko nyumbani, na kule Kanada hawajui niko stoo.

Saa kumi jioni jina langu likaitwa. Mwenyekiti wa kongamano, mama mmoja mwenye mvi na miwani myekundu, akanikaribisha kwa upole. Nikaeleza somo langu la kusikilizwa kwa simu, linalomfundisha mkulima kukausha ndengu zisiingie kuvu. Hatua sita, zimepangika kama shanga. Akauliza kama nimelijaribu na wakulima wenyewe. Nikajibu kwamba nimelijaribu na wanawake wa kijiji changu. (Nililijaribu na mama, mara moja, akichambua mboga, akasema ni zuri.)

Sasa, kile ambacho sikukijua ni kwamba wanawake wa kikundi walikuwa wameamua kuja kwetu saa ileile, kumshukuru Mungu pamoja na mama kwa kunifikisha salama. Nikasikia wimbo uani. Nikazima maiki nikaomba ombi langu dogo la kujiokoa, nikaiwasha tena. Nikiwa hatua ya tatu, mwanga kwenye mabati ukafa, wote kwa mpigo, kama mtu aliyefumba macho. Tone moja likagonga paa. Likafuata la pili.

Kwetu mvua ikianguka juu ya ndengu za mtu hakuna anayeuliza za nani, wala anayengoja kuambiwa. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. “Aiya! Ndengu! Shikeni kona! Kimbieni!” Mlango wa stoo ukapigwa teke, na wanawake tisa wakaingia mbio na turubai limejaa, wakanikumba, shuka likaanguka, laptopu ikateleza ikatua ikiwatazama wote, na ndengu zikamiminika miguuni pangu hadi kwenye vifundo.

Mvua ikazidi kupiga mabati.

Mama Mutua alinitazama, akaitazama laptopu yenye nyuso za Wazungu na Wahindi, akanitazama tena. “Mwende,” akasema polepole, “kwani Kanada iko hapa?”

Nyuma yake mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso, na ninaapa alikuwa anacheka.

Mwenye miwani akauliza hawa ni nani, na kama ndio wanawake niliolijaribu nao somo. Kabla sijatunga kitu kingine, Mwalimu Ndunge, aliyenifundisha darasa la pili na sasa amestaafu, akainama mbele ya kamera akajibu kwa Kiingereza safi kwamba wao ni wakulima wa ndengu, na somo gani hilo, kwa maana wao hawajalisikia. Nilitamani gunia linimeze.

Yule mwenyekiti wa kongamano hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: “Katika hatua zako sita, mvua iko hatua ya ngapi?”

Haikuwepo. Somo langu lilikuwa na jua mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Ndunge alipowatafsiria wenzake, stoo nzima ililipuka kwa kicheko.

“Hakuna mvua?” Mama Mutua akafuta machozi. “Wewe msichana ulizaliwa wapi?”

“Kanada!” mwingine akajibu kutoka pembeni.

Kisha wakaanza kufundisha. Kwamba zilizoloa hazirundikwi, zinapata joto zinaoza, lazima zitandazwe ndani usiku uleule. Kwamba ukitaka kujua zimekauka unaiuma moja, ikipasuka kwa mlio ni tayari, ikibonyea irudishe juani. Mwalimu Ndunge alitafsiri, wataalamu waliandika, dakika zangu kumi zikapita na hakuna aliyezihesabu. Mwishoni Mama Mutua akakiona kiondo kikining'inia msumarini. Angeweza kunimaliza pale. Badala yake akakishika kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele ya skrini. “Huyu mtoto wetu alikuwa anawaletea. Pokeeni.” Na yule mama wa Kanada akanyoosha mikono yake miwili kuelekea kwetu, akapokea hewa, akainamisha kichwa.

Msimamizi wangu, aliyekuwa akifuatilia mkutano tangu mwanzo, akafungua maiki. “Mwende, uliloleta halipiti, ila silihesabu kuwa mara ya tatu. Andika hili nililoliona sasa.” Nililiandika nikiwa nao, siku nyingi, tukibishana na kucheka, na mara ya tatu likapita.

Siku ile, mkutano ulipokwisha, nilifunga laptopu nikasema nisameheni. Mama Mutua akashika kiuno. “Sisi tulimwomba Mungu uwafikie wale watu. Umewafikia ama hujawafikia?”

“Nimewafikia.”

“Basi ombi limejibiwa. Shika kona ile, tutandaze.”

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema kila kitu, na tangu siku hiyo nimeapa kutoitikia amina kwa jambo ambalo si kweli, hata likiwa tamu namna gani. Kiondo bado kiko msumarini, kinangoja safari ya kweli. Na hapa kwetu hakuna tena anayesema stoo. Mama akitaka gunia huniita tu kutoka uani, “Mwende, pita Kanada uniletee moja,” nami naenda, nashukuru, nikiinama ili kichwa changu kisigonge mlango.