Awero na Babu wa Chunguni

Awero aliolewa katika ukoo wetu, hapa mjini Iseyin, siku tatu kabla yangu. Basi akawa mkubwa wangu, ingawa kwa umri nilimzidi. Miaka hamsini nimempigia magoti kila asubuhi kumwamkia. Nilinung'unika, lakini nilipiga.

Aliuza iru sokoni, kile kiungo kinachonuka mpaka kwenye kilemba. Kusoma hajui hata jina lake. Lakini oriki, sifa za ukoo, anazo zote kichwani, babu kwa babu. Mtoto akienda shule alimsifia hadi anatembea kifua mbele.

Kaka mkubwa wa waume zetu alipofariki, mwanawe Adegboye akaja na wageni wake kutoka Lagos. Akamwita Awero pembeni.

"Mama, kesho mazikoni utaimba. Ila yule babu aliyekimbia vita akajificha chunguni, mwache."

"Nimwache wapi, mume wangu?" Kwetu mtoto uliyemkuta nyumbani ni mume wako, hata kama ulimfuta makamasi.

"Bosi wangu atakuwepo! Ni aibu."

"Bila chungu wewe usingezaliwa. Wenzake waliobaki vitani wamemzaa nani?"

"Basi nitakodi mwimbaji."

"Kodi."

Akakodi kweli. Kijana na kipaza sauti chake akamwita marehemu simba, akamwita tembo, sifa za kumpa yeyote anayelipa. Hakuna aliyelia. Awero kakaa, mikono mapajani. Nilijua kinachomuuma: mzee anaondoka, na bila oriki wazee wake huko ahera watamtambuaje?

Wanaume waliposhika jeneza, dada wa marehemu akapaza sauti: "Samahani jamani, hapa anazikwa nani?"

Watu wakaguna. Adegboye akaja mbio, akalala kifudifudi mbele ya Awero, nguo yake nyeupe vumbini.

"Mama, imba. Ila hapo kwenye chungu upite haraka."

Awero akasimama, akaimba. Wazee wakaanza kulia. Alipofika kwenye chungu, mwanamke yule akapunguza mwendo! Akataja masizi, akataja magoti yaliyogusa masikio, akarudia mara tatu. Adegboye akashusha kofia usoni, mabega yakitikisika. Analia au anacheka, sikumuuliza.

Bosi wake akamwinamia. "Babu wa kwetu," akamwambia, "alijificha kwenye banda la kuku."