Maziwa Ndani ya Kopo la Wanga

Saa mbili asubuhi, pasi imeshaanza kushika moto. Mama Kola analowesha kidole kwa mate, anaigusa haraka, tss, kisha anatikisa kichwa. Bado kidogo.

Nyuma yake, ndani ya kapu kubwa la nguo lililotandikwa shuka safi, amelala mwanawe wa miezi mitano. Mtoto akijigeuza, mama naye anageuka. Mkono mmoja uko kwenye shati, sikio liko kwenye kapu.

Juu ya rafu, mbele ya macho ya kila mteja anayeingia, limesimama kopo la maziwa ya unga, chupa ya mtoto iko kando yake. Miezi miwili iliyopita kopo hilo usingeliona hata kwa tochi.

"Nilikuwa naona haya," anasema, macho yakiwa kwenye kola. "Mpaka leo naona haya. Ila siyo haya ileile."

Hapa kwa dobi wako waajiriwa wawili tu. Yeye ni wa pasi, na jina la Mama Kola alilipata kwa sababu kola zake husimama wima kama askari wa gwaride. Wa kufua ni mzee mmoja anayeitwa Povu, maana mikono yake haijapata kuonekana mikavu. Mwenye duka ni mwanamke mwenye maneno mengi. Wanamwita Tajiri, ingawa kwa kulia njaa hakuna anayempita.

Mama Kola hulipwa kwa nguo aliyoipiga, si kwa siku. Kukaa nyumbani ni kukaa bure. Kwa hiyo alipojifungua, arobaini ilipotimia tu, alirudi kwenye pasi na mtoto mgongoni.

Lakini wakati huo titi la kushoto lilikuwa limeshamfanyia ubaya. Liliota jipu, likapasuliwa, na maziwa yake yakakauka. La kulia likabaki linatoa kidogo, mithili ya bomba la maji ya mgao. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena. Kwenye mizani ya kliniki uzito ukawa haupandi.

Muuguzi hakumfokea. Alimweleza njia zote. Aendelee kumweka mtoto kwenye titi mara kwa mara, na pungufu alijazie kwa maziwa ya kopo, maji yachemshwe, vipimo visipunguzwe. "Mtoto anataka kushiba, mama," alimwambia. "Kashiba kwa kitu gani, hilo watu watalisema wao."

Na watu ndio waliomtisha. Hasa mmoja: mama mkwe wake, anayeishi naye nyumba moja. Bibi huyo amenyonyesha watoto saba, na kila mgeni akija hupokewa kwa sifa. "Mkwe wangu ana maziwa, usiseme! Chemchemi! Mjukuu wangu hajui kopo, kopo ni la wavivu."

"Sasa mtu kashakusifia hivyo mbele ya majirani," anasema Mama Kola. "Utaanzia wapi kusema chemchemi imekauka?"

Akaamua. Nyumbani, mbele ya bibi, atanyonyesha hicho kidogo kilichopo. Kazini atampa mtoto maziwa ya kopo. Hata Jumapili akawa anaaga kwenda kazini, eti nguo zimezidi, kumbe anakwenda kumshibisha mwanawe dukani huku mlango umefungwa.

Kikabaki kikwazo kimoja, Povu. Mzee huyo anaishi mtaa mmoja na mama mkwe, na ulimi wake hauna kufuli. Ndipo Mama Kola alipotafuta kopo tupu la wanga wa kukazia nguo, akaliosha, akamimina humo maziwa ya unga, akaliweka chini ya meza ya pasi. Unga mweupe ndani ya kopo la unga mweupe. Nani angejua?

Siku moja yaliletwa mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, nayo yalitakiwa mchana uleule. Wanga ulikuwa umekwisha. Povu akainama chini ya meza, akaona kopo, akashukuru Mungu. Akakoroga beseni zima.

Mama Kola alikuwa nje akianua mashuka. Aliporudi akashika shati la kwanza, akaweka pasi. Kola ikageuka rangi ya kahawia, na duka zima likanuka kama uji ulioungua. La pili hivyohivyo. Alipoinama akaona chini ya meza hakuna kitu, alijua.

Tajiri alikuja mbio. "Povu! Umetia nini humu?"

"Wanga, mama. Si huu hapa?"

"Wanga gani unanuka hivi? Umeamka umelewa? Uzee huu utanifungisha duka!"

Mzee akasimama na beseni lake, maji yanamdondoka viwikoni, akimwangalia Mama Kola ili aseme neno. Mama Kola akaangalia pasi.

"Sikusema," anasema sasa, na hapo pasi yake inasimama. "Aliyafua yote upya, mgongo unamuuma, mimi nimenyamaza. Mzee sawa na baba yangu."

Baadaye mtu wa hoteli alifika kuulizia mashati, na Mama Kola akabaki naye mbele akimpoza kwa maneno. Huko nyuma Tajiri akaagiza wanga mpya ununuliwe, akamwamuru Povu alisuuze lile kopo, alijaze, alirudishe mahali pake. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia mpiga pasi.

Mtoto alipolia kwa njaa, Mama Kola aliinama, akaliona kopo lake pale chini, akadhani limerudishwa na yaliyosalia. Akachota kwa kipimo, akatia kwenye chupa ya mtoto, akamimina maji ya moto ya chupa ya chai, akatikisa. Alipoipoza na kutaka kuonja kwa kudondoshea mkononi, halikutoka tone. Ndani ya chupa mlikuwa na gundi.

"Mtoto alikuwa keshafungua mdomo," anasema.

Aliitupa chupa, akapiga ukelele. Wote wawili wakaja. Pale pale sakafuni, mtoto kifuani, akasema yote, tangu jipu mpaka Jumapili.

Povu alikuwa wa kwanza kufungua kinywa. "Kumbe nimetukanwa kwa sababu ya maziwa ya mtoto? Dada, si ungesema tu? Mimi mwenyewe nimelelewa kwa uji wa jirani."

Tajiri akashika kiuno. "Na hoteli niwaambie nini? Kwamba mashati yao tumeyanyonyesha?"

Wakacheka, yeye akilia. Kisha Tajiri akatoka mwenyewe kwenda kununua kopo jipya la maziwa.

Jioni ile Mama Kola hakungoja ulimi wa Povu. Alimkalisha mama mkwe na kumweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema, akaingia chumbani. Siku mbili hakumsemesha.

Ya tatu alitoka na chupa mkononi. "Haya, mama, nionyeshe maji yanachemshwa vipi. Nisije nikamuumiza mjukuu wangu kwa kiburi."

Leo mtoto ananyonya asubuhi na usiku, mchana anakunywa ya kopo. Kopo moja humla mama yake ujira wa karibu siku nne, na Tajiri humwongezea nguo za kupiga ili lipatikane. Kwenye mizani, mshale umeanza kupanda.

Muuguzi amemwomba siku ya kupima uzito asimame mbele ya wazazi wapya, awaambie yaliyomkuta. Mara mbili amekataa. Wiki ijayo ameahidi kwenda.

"La maziwa nitalisema," anasema, akilitundika shati. "Wengine wamo humohumo, wanajificha kama mimi. Lakini la mzee kufokewa na mimi nikaangalia pasi…" Anasikiliza maji yanavyomwagika kule nyuma anakofua Povu. "Hilo sijui kama ulimi utanyanyuka. Nimemwomba aje na yeye, akae mbele. Nikimwona labda nitaweza."