Maji ya Duara la Edson

Dorika alikuwa muuza barafu pale Maganzo. Mumewe, Edson, alikuwa mchimba almasi. Mwaka uliopita mvua kubwa ililijaza maji shimo lao, duara kama wenyewe wanavyoliita, Edson akiwa chini. Wenzake walimtoa siku ya tatu, akazikwa kwao Samuye.

Msiba ulipokwisha, Dorika akatafuta friza kuukuu ili amlee mtoto wao, Loveness. Kila siku alichemsha maji, akayachuja, yakipoa akayafunga kwenye vifuko vya nailoni na kuyagandisha. Wachimbaji waliipenda barafu yake kwa kuwa haikuwaumiza tumbo.

Kiangazi visima vikakauka. Ignas, muuza maji aliyekuwa rafiki wa Edson, akaanza kumletea madumu ya maji safi, baridi ajabu. Siku ya pili Dorika akamuuliza, sufuria ikiwa tayari jikoni.

"Shemeji, haya unayatoa wapi?"

Ignas akatazama chini. "Kule kwenye duara la marehemu, Mama Loveness. Wameweka pampu. Kwingine hakuna."

Dorika akakimbia jikoni. Maji yalikuwa yanatokota. Mvuke ulikuwa umetanda mpaka kwenye bati, ukageuka matone, nayo yakamdondokea shingoni, moja baada ya jingine. Akahisi mtu amesimama nyuma yake.

"Edson?"

Akageuka, akaona friza tu. Akaifungua friza. Vifuko vya jana vilikuwa vimevimba na kuwa vigumu kama mawe. Kimoja kikalia, ta! Akachomoa waya, akatoka nje mbio. Alasiri barafu yote ilikuwa imeyeyuka, maji yametambaa hadi chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala mumewe.

Akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Asteria, akamweleza yote. "Yaliyobaki niyamwage wapi yasirudi?"

"Hayapotei, mwenzangu. Ukiyamwaga, jua litayapandisha yawe mvuke, mvuke utakuwa wingu, wingu litanyesha."

"Hata kaburini kwake?"

"Hata huko."

Kesho yake Dorika alipanda gari hadi Samuye na dumu lililobaki la maji yale, akayamimina yote juu ya kaburi. Udongo ukayanywa upesi, kama mtu aliyekuwa na kiu.

Alirudi kuuza barafu, maana Loveness alikuwa bado anasoma. Maji akawa anayafuata mwenyewe, mbali. Lakini mvua za kwanza zilipoanguka, majirani wakitega ndoo kwa vigelegele, yeye alimwita mwanawe ndani, akafunga mlango, wakakaa kimya mpaka zilipokatika.