Bluu ya Blanketi ya Mwisho

Wewe, umeshawahi kuramba kitambaa? Usicheke. Mimi nimeramba vitambaa vya mji huu wote, kuanzia maduka ya Wahindi kule katikati ya mji mpaka kwa wale akina mama wanaotandika vitu chini Marshalltown, na sasa ulimi wangu unajua kuliko macho. Shweshwe, kile kitambaa cha bluu chenye vinyota vidogo wanachovaa maarusi wa hapa wakienda ukweni, kile cha kweli kina chumvi. Unagusa na ncha ya ulimi tu, unaisikia. Cha bandia kina ladha ya karatasi. Alinifundisha mama mmoja Msotho kwenye foleni ya teksi, na tangu siku ile nimeshafukuzwa maduka mawili.

Sasa nimekaa, miguu imevimba, nimeipandisha juu ya ndoo, kwa hiyo niko na nafasi ya kukueleza kilichonichosha namna hii.

Kazi yangu ni blanketi za vipande. Shule sikwenda sana, darasa la tatu kule Uvira, baba akasema inatosha. Lakini kupanga vipande hakuna aliyenifundisha. Nilipofika Johannesburg nilikuwa nashonea akina mama wa kanisa magauni ya kikwembe, hicho mnachoita nyinyi kitenge, na kila gauni linaacha mabaki, na mabaki mimi siwezi kutupa, mkono unakataa. Nikaanza kuyaunga. Baridi ya mwezi wa saba huku si ya mchezo, inaingia mpaka kwenye fizi. Nikajiwekea sheria: mjukuu akiondoka nyumbani, iwe kuolewa, iwe kazi, anaondoka na blanketi ya bibi yake.

Wajukuu niko nao watano. Wanne walishapata. Wa tano ni huyu msichana niliyemlea mwenyewe hapa Turffontein, chumba cha nyuma, kwa sababu mama yake anafanya kazi Pretoria na analala huko huko. Amesoma unesi, amemaliza, akapata kazi Cape Town. Mbali kabisa. Nikasema sawa, nitaanza mapema, maana macho yangu haya hayaniambii ukweli tena. La kushoto limeingia ukungu, la kulia linafuata njia ile ile. Kliniki wameniandika kwenye foleni ya upasuaji, na foleni hiyo, mwanangu, sijui kichwa chake kiko wapi. Ndiyo maana nilijua moyoni kwamba ya huyu msichana ndiyo ya mwisho. Asipoondoka nayo mkononi, hataiona.

Na yeye akataka bluu.

"Gogo," ananiita gogo, yaani bibi, kama watoto wote wa hapa, Kiswahili anasikia vizuri ila akijibu anachanganya, "weka shweshwe. Mimi si wa Kongo peke yake, man. Weka na ya hapa."

"Vikwembe vya bibi yako vimekukosea nini?"

"Havijakosea. Vichanganye tu."

Nikachanganya. Sasa sikia kosa langu. Sisi kwetu kikwembe kipya hakifuliwi kabla ya kushonwa. Ukikifua umekiua, kinapoteza ule mng'ao, watu wanasema huyu amenunua mtumba. Kinakwenda kwa fundi na harufu ya duka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Basi nikanunua shweshwe, ngumu kama boksi, nikaikata hivyo hivyo na ugumu wake, nikaiunga na vipande vya magauni yangu ya zamani, vile vilivyokwisha kuona maji mara mia. Miezi minne. Kila mshono nausogeza karibu na pua. Nikamaliza. Nikasema niifue sasa, mtoto apewe kitu safi.

Loo! Ule ugumu wote wa shweshwe ni wanga, bwana. Ikionja maji inajivuta, inakuwa ndogo. Vikwembe vyenyewe havikusogea hata kidogo, vikabanwa pande zote, vikavimba katikati kama maandazi. Nikaianika kwenye kamba, jirani akapita akaniuliza, "Mama, hiyo ni godoro?"

Sikulia. Nilikaa tu chini ya ile kamba, maji yananidondokea mabegani. Mjukuu akarudi, akaizunguka ile blanketi, akijikuna kichwa kama mtu anayepima ng'ombe.

"Gogo, ni staili hii."

"Staili ya babu yako!"

"Serious, watu wa Cape Town watapenda. Watasema ni sanaa."

"Nenda kaniletee wembe."

Nikafumua. Wiki nzima nafumua, uzi mmoja mmoja. Vikwembe vikatoka vizima. Vipande vya bluu vilikuwa vimerudi, vidogo, na vingine nimevichana mwenyewe kwa wembe kwa sababu ya ukungu wa macho. Nilipopanga upya chini sakafuni, nikakosa safu mbili. Vipande kumi na nane vya bluu. Na siku za kuondoka kwake zilikuwa zimebaki ishirini na kitu.

Utaniambia, si ununue nyingine? Ile niliyochagua ilikuwa na vinyota vimezunguka duara, na katikati ya duara nukta moja nyeupe. Sikuiona tena. Duka nililoinunua, ghorofa ya pili pale mjini, nilipanda ngazi zile nasimama kila hatua ya tano, nikafika juu, kumbe duka limehama na sasa ni kanisa. Watu wanaomba kwa sauti, mchungaji ameniona nahema mlangoni, akafikiri nimeletwa na Roho. Wakanikalisha, wakaniombea miguu. Nikasema amina, nikashuka. Miguu ni hii unayoiona.

Tukatafuta. Msichana aliazima gari la shemasi wetu, gari la zamani linalozima kila robot, zile taa za barabarani, ikiwaka nyekundu, na siku zake za mapumziko zote akanizungusha. Maduka ya vitambaa, maduka ya vitu vya marehemu wa watu, bazaa za makanisa. Siwezi kusema sikufurahi! Njiani Rosettenville niliona mlinzi wa geti amemtandikia mbwa blanketi ya vipande, kazi ya mkono, ya zamani kabisa, maua ya waridi yamekwisha rangi. Nikamwambia msichana simama.

"Baba, hiyo ya mbwa ilitoka wapi?"

"Tajiri aliitupa, mama."

"Na mbwa akipata taulo nzuri, nene, atakubali?"

"Huyu hata gunia anakubali."

Nikampa taulo langu la kuogea, nililokuwa nimelikalia garini. Mjukuu akajificha uso kwenye usukani. Lakini ile blanketi niliifua maji matatu, na ndiyo niliyojifunika jana usiku. Bluu tu haikuwa nayo.

Jumamosi ya mwisho tulikwenda mbali. Mtu alitusikia bazaa moja akasema ng'ambo ya mto Vaal kuna mji mdogo, wazee wa kanisa la Kizungu wanauza vitu vya nyumbani ukumbini. Tukatoka alfajiri. Njia ndefu, mahindi yamekaukia shambani pande zote mbili, gari linanguruma, mgongo wangu unahesabu kila shimo. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kufika. Ule uchovu ambao hata mtu akikuuliza umechoka, unachoka kumjibu.

Ukumbini meza zimepangwa, vikombe, sahani, vitabu, na nyuma ya meza ya mwisho bibi mzungu wa rika langu, nywele nyeupe, sweta limebonyea viwiko. Na mbele yake, imekunjwa, bluu.

Niliiona kutoka mlangoni, mimi ambaye sioni. Vinyota vimezunguka duara, nukta nyeupe katikati. Imepauka kama anga la saa nne, lakini ni ile ile. Nilikwenda moja kwa moja, nikaishika pembe, nikaiinua, nikairamba.

"Ai!" yule bibi akasimama. Akasema kitu kwa Kiafrikana.

"Gogo, anauliza una njaa?" Msichana alijifunza lugha hiyo shuleni. Alikuwa anacheka na kutoka jasho kwa pamoja. "Samahani, tannie," akamwambia, ndivyo wanavyomwita mama mkubwa, "bibi yangu anatafuta chumvi."

Yule bibi akanitazama. Kisha, unaamini, akacheka mpaka akashika meza. Akasema mama yake naye alikuwa anaramba, lakini hiyo imefuliwa tangu yeye ni msichana, chumvi ilishakwenda na maji. Akavuta kiti, akanikalisha. Tukaifungua pamoja, yeye pembe zake, mimi pembe zangu.

Mwanangu, mishono ile! Midogo, imelingana, mistari inakwenda na kurudi kama msafara wa sisimizi. Hakuna mashine iliyopita pale. Kwenye pembe moja palichanika kidogo, nikaingiza kidole kutazama wameweka pamba gani. Haikuwa pamba. Ndani mlikuwa na blanketi nyingine ya vipande, ya zamani zaidi, nyekundu na kahawia. Nikamtazama yule bibi.

"Ya mama yake bibi yangu," msichana akanitafsiria. "Ilichakaa, hawakuitupa. Wakaivisha hii."

Basi nikaanza kupapasa kipande kimoja kimoja. Nilikuwa nahesabu. Vipande vya bluu vilivyo vizima vilikuwa arobaini, labda na zaidi. Kumi na nane vilikuwa ndani ya mikono yangu.

Yule bibi akauliza swali, mara moja tu, taratibu.

"Gogo, anataka kujua utaifanyia nini." Halafu akainama kwenye sikio langu, kwa Kiswahili, haraka haraka: "Sema kulalia. Sema tu kulalia."

Ningeweza. Hata mkoba nilikuwa nimeshaufungua. Na si kwa sababu mimi ni mama wa kanisa, uongo mdogo wa sokoni nimeshausema mwingi, Mungu ananijua. Ni ile mishono. Mtu alikaa pale, macho yake nayo labda yanakwisha, akafunika kazi ya mwenzake ili isife.

"Mwambie nataka kuikata," nikasema.

"Gogo!"

"Mwambie. Mwambie ni kwa ajili yako."

Akamwambia. Yule bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaniangalia vidole, akaniangalia macho. Akatikisa kichwa, hapana. Akaanza kuikunja, nami nikamsaidia, kwa sababu ni nzito, peke yake hawezi. Tulipomaliza akaniwekea mkono juu ya mkono wangu kidogo, akatupa chai na mikate yao ile migumu ya kuchovya. Tukanywa. Blanketi tukaiacha pale pale mezani kwake.

Kurudi, mjukuu aliendesha mpaka daraja la Vaal.

"Ungesema uongo," akaanza. "Neno moja tu, Gogo. Ni blanketi yangu mimi."

"Najua ni yako."

"Wote wanne wanazo. Mimi ndiye nimelala na wewe chumba kimoja miaka yote, mimi ndiye nakutilia uzi kwenye sindano, na mimi ndiye naenda mikono mitupu."

Nilimwambia, "Samahani, mama," maana namwita mama, ana jina la mama yangu. Nikamwambia ukweli wote mle ndani ya gari, kwamba safu mbili hizo siziwezi tena, hata nikipata bluu leo, kwamba mshono wa mwisho niliushona kwa kupapasa, kwamba nilikuwa nafanya haraka si kwa sababu yeye anaondoka, ni kwa sababu macho yanaondoka. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Akawasha taa ya pembeni, akasimamisha gari kando ya barabara. Malori yanapita, gari letu linatikisika. Akafuta uso na mkono wa sweta.

"Vimebaki vipande vingapi?"

"Kumi na nane."

"Nitaichukua hivyo hivyo."

"Haijaisha! Unataka watu waseme bibi yako mvivu?"

"Itakuwa fupi, nitakunja miguu."

"Wewe hata kifungo cha yunifomu nilikushonea mimi."

"Ndiyo, sijui kitu," akasema. "Utanifundisha. Kila likizo napanda basi nakuja nayo. Hata ikiwa vipande viwili kwa mwaka. Wewe utapapasa, utaniambia hapa umepinda, fumua, nami nitafumua bila kununa. Safu mbili hizo nazishona mimi kwa mkono wangu, Gogo, kwa bluu yoyote tutakayoipata, na mpaka kipande cha kumi na nane kikae mahali pake, sijifuniki blanketi ya mtu mwingine. Hiyo nakuahidi."