Joto Lilipopanda Mlima hadi Mususa

Enzi zetu sisi wa Mususa, mtaa wa Butembo, joto tulilisikia kwa watu tu. Lilikuwa jambo la Beni, na zaidi jambo la Kyavinyonge kule ziwani, ambako walisema samaki anaanza kuharibika kabla wachuuzi hawajamaliza kusalimiana. Butembo ilikuwa ya baridi, na tuliringa nayo. Asubuhi tukienda shule tulitoa moshi mdomoni tukijifanya wazee wanaovuta tumbaku, miguu peku kwenye umande, sweta zimetoboka viwiko. Mgeni wa Beni akija kututembelea, tulimchungulia anavyotetemeka mbele ya sahani ya bukari, ule ugali wetu, tukacheka mpaka mama anatufukuza.

Kwa hiyo kwetu kila ugonjwa ulikuwa baridi. Ukikohoa, baridi. Tumbo likiuma, baridi. Mtoto akikataa kunyonya, baridi imemwingia, mwongezee nguo. Mtoto mchanga wa Butembo ulimwona pua tu: kofia ya sufu, sweta mbili, soksi, shali, kisha kikwembe cha mama juu ya hayo yote. Mama yangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alizifuma kofia mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wa akina mama wa shirika letu pale parokiani, wanawake walikuja kwake kuuliza namna ya kulea. Mama hakuwa mtu wa kuambiwa. Yeye ndiye aliyeambia wengine.

Ukaja ule mwaka wa vita ambao mvua ilitusahau. Waasi walikuwa wameshika mji, barabara zimefungwa, na juu ya hayo jua likatukalia. Wazee walisema hawajawahi kuona. Vilima vikawa vya kahawia, mikaratusi ikadondosha majani makavu yanayolia chini ya miguu, vumbi jekundu likaingia mpaka ndani ya chungu cha maharage. Maji ya chemchemi yakatoka membamba kama uzi, foleni ya bidoni, yale madumu ya maji, ikazunguka kilima.

Unafikiri tulilia? Aka! Sisi watoto tulilifanya joto kuwa mchezo. Tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, asubuhi mapema kabla ya udongo kuchoma nyayo, na mchana tulishindana nani atasimama peku kwenye bati bovu mpaka kumi. Mimi Masika nilifika saba, na mpaka leo hakuna aliyenishinda. Tuliteleza kwenye vilima vikavu juu ya magome ya mgomba, tukararua matunda ya marakuja kwa meno na kunyonya maji yake, kisha tukachota maji kwa zamu tukiimba, msichana wa miaka tisa na bidoni ya lita kumi kichwani bila kumwaga tone. Watoto wa leo ukiwatuma kopo la maji wanauliza kama kuna pikipiki ya kuwapeleka.

Nyumbani tulibaki watatu. Baba alikuwa amekwenda kuwaficha kaka zangu shambani upande wa Mbau, akabaki nao huko, maana waasi walikuwa wanawachukua wavulana. Nilibaki mimi, mama, na Kakule, mwana wa nne, aliyezaliwa majuma machache kabla. Ng'ambo ya ukuta wetu wa mbao aliishi Mama Zaina, mke wa dereva wa lori, Mwislamu mwenye asili ya Kyavinyonge. Mama hakumpenda sana. Alimwona mvivu, kwa sababu wanawe walikua uchi uani. "Batoto ya ziwa," alikuwa akisema, na midomo inashuka.

Asubuhi moja risasi zikaanza kulia upande wa soko. Askari wakapita wakipiga kelele kwamba kila mtu afunge, na atakayefungua atajuta. Tukafunga. Nyumba za Butembo zilijengwa kwa baridi: dirisha dogo la mbao, paa la bati lililoshuka chini, hewa haina pa kupita. Siku ya kwanza tuliloa jasho. Siku ya pili, jua likiwa katikati, bati lilikuwa linapasuka juu yetu, tak, tak, na Kakule akaanza kulia kilio chembamba, akakataa ziwa.

Mama akamgusa. Mwili ulikuwa moto.

"Baridi imemuingia," mama akasema.

Akamwongezea sweta ya tatu. Akafunga shali vizuri zaidi. Akaniambia niwashe mbabula, lile jiko la makaa, niliweke karibu na kitanda. Nami nikapepea makaa kwa bidii, maana nilimpenda ndugu yangu. Nakwambia ukweli, kwa mikono yetu miwili, mama na mimi, tulikuwa tunampika. Kisha Kakule akanyamaza, na mama akasema afadhali, amepata usingizi.

Hapo ukuta ukagongwa kutoka upande wa Mama Zaina.

"Mama Masika! Mutoto aliacha kulia. Anafanya nini?"

"Analala."

"Hapana, ile si usingizi! Fungua ya nyuma!"

Risasi zilikuwa bado zinasikika. Yule mwanamke alivuka ua wakati hata kuku walikuwa wamejificha. Alipoingia na kuona jiko na lile furushi kitandani, akashika kichwa.

"Ee Mungu! Mutaivisha mutoto kama muhindi ya kuchoma! Toa hii manguo yote!"

"Lakini baridi imemuingia, hauone namna anakuwa moto?"

"Baridi gani? Hapana baridi hapa! Kwetu ku ziwa, mutoto wa vile tunamuvula. Mama Masika, anakufa huyu. Anakufa sasa."

Nilimtazama mama. Nilijua anavyofanya mtu akimpinga, nikangoja amtoe nje. Kakule macho yalikuwa nusu wazi na hayaoni kitu, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa risasi. Ndipo mama akaweka mkono juu ya ile kofia aliyoifuma mwenyewe, akaivuta. Akaanza na kofia, ikaja shali, sweta, sweta, sweta, soksi, mpaka mtoto akabaki kama alivyozaliwa, mwekundu, mdogo, mlaini. Mama Zaina akamlaza kwenye saruji juu ya kikwembe kilicholowa. Maji yaliyobaki nyumbani yalikuwa nusu bidoni, ya kupikia maharage na ya kunywa. Tukayamwaga yote, kidogo kidogo, kichwani, shingoni, makwapani. Mimi nikatoa jiko nje nikilia.

"Hewa," akasema Mama Zaina. "Bila hewa hapana kitu."

Dirisha pekee lilitazama barabara. Mama akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akalifungua mpaka mwisho.

Haikuchukua muda, askari akasimama pale. Kijana, bunduki begani, uso unatiririka jasho. Nilijificha nyuma ya mlango.

"Mama, mai," akasema kwa Lingala.

"Maji iliisha," mama akamjibu bila kugeuka, mikono imelowa. "Tulimumwangia huyu."

Yule kijana akatazama mtoto aliye uchi kwenye saruji, na wanawake wawili waliopiga magoti wakimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Akaenda. Na dirisha halikufungwa tena siku ile.

Sijui ilipita saa moja au zaidi. Kakule akakunja uso, akafungua kinywa, akalia kwa hasira, kile kilio cha njaa kinachosikika mpaka kwa jirani wa tatu. Akashika ziwa. Mama akakaa chini na kulia kuliko yeye, kisha akamshika Mama Zaina mkono na kusema kwa Kinande, "Wasingya, wasingya." Asante, asante. Mama Zaina hakujua kuringa. Alisema tu, "Nguo zake utaweka ya mvua."

Lakini ninachojivunia mimi ni kilichofuata. Risasi ziliponyamaza na wanawake wakatoka kwenda chemchemini, mama alipanda juu ya jiwe mbele ya foleni nzima, ile kofia mkononi. Wale wote walikuwa wanafunzi wake.

"Mimi Mama Masika," akasema, "niliwafundisha bibaya. Nilitaka kuua mutoto wangu na hii kofia. Yule anaitwa Mama Zaina ndiye alimuponyesha. Muende kwenu, muvule batoto."

Wengine walicheka. Mmoja akasema jua limempanda kichwani. Mama hakushuka mpaka walipoanza kuondoka, mmoja mmoja, haraka, bidoni zimeachwa kwenye foleni. Jioni ile watoto wa mtaa wetu wote walikuwa uchi uani, batoto ya ziwa, na hatukuzika hata mmoja kiangazi kile.

Siku hizi vijana wetu wana feni, wana soda baridi kutoka friji, wanatazama simu kujua kama wanasikia joto. Kakule mwenyewe ni wa kwanza. Ana pikipiki ya abiria, kijana mrefu wa kifua, na saa nne asubuhi amekwisha kulalamika kwamba jua linamuonea. Na wakikosea, nani kati yao atapanda jiwe na kusema nilikosea? Watu wale wamekwisha. Mama Zaina tulimzika zamani, na mama aliongoza wanawake wa parokia kwenda kwenye mazishi yale.

Mwaka jana joto lilirudi. Nilimkuta mama kitandani, mzee sasa, amevaa kofia, sweta tatu na shali, dirisha limefungwa, uso umekauka kwa moto. Nikamsihi avue, akakataa. "Baridi, Masika." Nikasihi tena, akageukia ukuta.

Kakule akaingia kutoka kazini, akatuangalia. Hakubishana. Akapiga magoti, akaanza na kofia. Kisha shali, sweta, sweta, sweta. Akalowesha kitambaa, akampangusa shingo, akasimama na kufungua dirisha mpaka mwisho.

Mama akapumua, macho yamefumba.

"Nani alikufundisha?"

"Ni weye, mama."

Akatabasamu, akaomba maji ya kunywa.