Mikono Mapajani

Yule mtaalamu sikumpenda siku ya kwanza na simpendi hadi leo. Alisomea ng'ambo, akarudi na jina la hali ya mwanangu, jina ambalo hapa Mji wa Kale hakuna aliyewahi kulisikia. Neno usonji lilikuwa halijatufikia miaka hiyo ya tisini. Majirani walisema mwanangu ana shetani, wengine wakasema nimemdekeza. Kwa hiyo alipotokea mtu wa kusema si shetani wala si mimi, nilimkabidhi mtoto kama mtu anayepeleka saa kwa fundi.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Hasemi, hatazami mtu, akiguswa hupiga kelele mpaka mtaa wa pili wasikie. Jambo moja tu la kiungwana alilijua, na alifundishwa na mamangu. Kila asubuhi baada ya chai, mamangu alimnyooshea mkono wake unaonukia mafuta ya karafuu, akangoja. Miaka miwili alingoja. Siku moja mtoto aliushika, akaunusa, akaubusu, na mamangu akajibu, "Marahaba, mama," kana kwamba shikamoo imetamkwa. Mimi nilikwenda kulia jikoni.

Basi ikawa kila mkono anaubusu: wa muuza maembe sokoni Marikiti, wa hamali aliyejaa vumbi la viazi. Wageni walicheka. Watu wetu walijibu marahaba, wakaendelea na kazi zao.

Mtaalamu hakucheka wala hakujibu. Alikaa na karatasi, na kila mwanangu aliponusa mkono, yeye alipiga kistari.

"Mama, hii tabia lazima iishe," aliniambia. "Akiwa mkubwa atashika mkono wa mtu mbaya."

"Hiyo ni salamu," nikamwambia. "Mfunze mkono wa nani, usimfunze kuacha."

"Salamu ni kuangalia mtu kwa macho na kumpungia mkono."

Kwetu, mtoto wa kike anayemkodolea mzee macho hana adabu, na anayepungiwa mkono ni anayeondoka. Nilimweleza hayo. Kalamu yake haikusogea.

Ningemchukua mwanangu nikaenda zangu. Sikwenda. Yeye alikuwa na cheti ukutani, mimi nilikuwa na majirani tu.

Dawa yake aliiita "mikono mapajani". Mtoto akinyoosha mkono, mgeuzie uso na unyamaze. Akitulia, mikono iko mapajani, mpe kitu anachokipenda. Mwanangu alipenda kashata ya nazi. Wakati huo mamangu alikuwa Lamu akimuuguza dada yake, nyumba nimeachiwa mimi, nami kazi hiyo niliifanya kwa bidii. Kila aliponijia na midomo yake, nilimgeuzia uso, mara nyingine akilia. Miezi mitatu. Mwishowe karatasi ya mtaalamu haikuwa na kistari hata kimoja, akanipongeza. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Siku hizi nasikia wanafanya semina hotelini, wanaambiana kwamba tiba ifuate mila za nyumbani kwa mtoto. Wanakunywa chai kwa sambusa juu yake. Mimi ningewaambia hayo bure, miaka ile nilikuwa nimekaa mbele ya mtaalamu wao, na hakuniuliza swali.

Mamangu alirudi kutoka Lamu siku ya Alhamisi. Hata buibui hajavua, alikaa kitandani, akanyoosha mkono.

"Haya mama, salamu yangu i wapi?"

Mtoto aliuona ule mkono. Naapa aliunusa pale pale alipokuwa, maana pua yake ilicheza. Kisha akaketi wima, akaweka mikono mapajani, akanigeukia mimi.

Mkono wa mamangu ulibaki hewani. Alingoja, kungoja alikuzoea. Halafu akasema taratibu, "Marahaba, mama," akaushusha mwenyewe, akanitazama.

"Nani alomfunda mwanangu haya?"

Nilifungua mdomo nimtaje mtaalamu, nimtukane yeye na cheti chake. Mtoto alikuwa bado amenikazia macho, anangoja kashata yake, nami nilikuwa nimekwisha kuishika mkononi.